Kuosha maganda ya risasi kwa maji na pini kabla ya kuyajaza upya

Nyanya yangu, Mombasa, alikuwa na dele la kahawa la shaba ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeruhusiwa kulisafisha ila yeye. Ukwaju uliorowekwa, majivu ya jikoni, makumbi ya nazi, na kusugua hadi mkono ukatae. Kisha maji mengi, kisha linaanikwa juani mdomo chini ili maji yasilale tumboni. Miaka mingi baadaye, nikiwa Texas nimeinamia ndoo ya maganda ya risasi niliyookota uwanja wa kulenga shabaha, ndipo nilipotambua kwamba kazi ni ileile. Ukwaju umekuwa unga wa asidi ya sitriki, makumbi yamekuwa pini za chuma, mkono umekuwa mota. Tofauti ni moja tu: dele la nyanya halikuwa na sumu ndani.

Kiswahili kinakiita kitu kinachoruka kutoka mtutuni “risasi”, na madini yale mazito ya kijivu pia kinayaita “risasi”. Basi anayeosha maganda na aelewe kwamba risasi ya hatari kwake si ile iliyokwenda kwenye shabaha. Ni ile iliyobaki kwenye masizi. Fataki, yaani kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, kwa kawaida huwa na kampaundi ya risasi, na inapolipuka hubakiza vumbi lake ndani ya ganda. Mtoto hana kiwango salama cha risasi mwilini. Hii ndiyo sababu kubwa iliyonitoa kwenye njia kavu ya kusugua kwa bunzi la mahindi lililosagwa, ambayo kila ukimwaga huinua vumbi puani, na kunileta kwenye maji. Kung'aa ni bakshishi.

Kabla sijaendelea: haya yanafanyika Marekani, ambako majimbo mengi humruhusu mwenye bunduki kujaza risasi zake mwenyewe kwa matumizi yake. Akitaka kuziuza, hapo anahitaji leseni. Kenya na Tanzania risasi na utengenezaji wake viko chini ya sheria kali za silaha, kwa hiyo ukirudi likizo usibebe ganda mfukoni kama kumbukumbu. Na mwongozo huu unaishia kwenye ganda safi, kavu na lililokaguliwa. Habari ya baruti na vipimo vyake ina vitabu vyake, nayo haifundishwi kwa mdomo.

Chambua kwanza

Tandika shuka kuukuu, mwaga maganda yote, vaa glavu. Unachokitafuta kabla ya chochote ni risasi nzima. Ndoo za uwanjani huchanganyika, na mtu aliyekwama na risasi isiyolipuka wakati mwingine huitupa humohumo. Risasi nzima haiingii kwenye mashine ya kuoshea hata kidogo. Iweke kando, kisha waulize wenye uwanja namna wanavyozikusanya.

Pitisha sumaku. Linalonata ni la chuma, si la shaba, hata kama limepakwa rangi ya kukudanganya. Ya alumini huyatambua kwa wepesi na ule weupe wake mfu. Hayo nayo weka kando. Kisha tenganisha kwa kaliba, yaani saizi ya risasi, na hapa usivivie, kwa sababu maganda hutumbukiana. La 9mm huingia ndani ya la .40, la .40 ndani ya la .45, na ukiyapeleka hivyo kwenye pipa yanashikana kama sufuria mbili zilizobebana zikiwa na maji. Utavunja kucha na yasitoke.

Chukua tochi uchungulie ndani ya kila ganda la bunduki ndefu. Ukiona kitundu kimoja katikati, sawa. Ukiona vitundu viwili vidogo, hiyo ni fataki ya aina ya Berdan, ambayo sindano ya kawaida ya kutolea fataki haiiwezi. Utavunja sindano bure. Yaliyopasuka shingo na yaliyokanyagwa na gari, yaende kwenye ndoo ya chuma chakavu sasa hivi. Kuosha ganda bovu ni kupoteza maji.

Toa fataki zilizotumika

Ndugu zangu wa Tanzania, fataki ninayoisema si yule mzee wa kuhonga wanafunzi. Ni kile kikombe kidogo cha kitakoni kilichobonyezwa na pini ya bunduki. Kitoe kabla ya kuosha. Wako wanaoosha kwanza na kutoa baadaye, nami nilifanya hivyo msimu mzima. Matokeo yake ni kwamba shimo la fataki linabaki chafu, na maji yananaswa nyuma ya kikombe yasikauke hata kwa siku mbili.

Tumia kalibu (bomba la chuma ambamo ganda husukumwa) ya kutolea fataki tu, isiyogusa ukuta wa ganda. Ile ya kurudisha ganda kwenye umbo lake inabana kwa nguvu, na ganda lenye mchanga likipita humo linaacha mkwaruzo utakaojirudia kwenye kila ganda linalofuata. Kalibu moja nzuri huharibiwa na punje moja.

Ganda lenye fataki ambayo haijalipuka, mfano isiyo na alama ya kubonyezwa, usilisukume kwenye kalibu. Liache. Na zile fataki kongwe zinazodondoka zina vumbi la risasi kuliko kitu kingine chochote mezani, kwa hiyo zidondokee kwenye kopo lenye kifuniko, zisiingie kwenye zulia.

Maganda ya kijeshi, fataki zake huwa zimeminywa pembeni ili zisichomoke. Utahisi mkono ukikataa kidogo, halafu “tak!” Ni kawaida. Mminyo huo utaondolewa baadaye kwa kifaa chake, si leo.

Mashine na pini

Mashine ni pipa la mpira au plastiki linalolala ubavu na kuzungushwa na mota. Model B ya Thumler's, ambayo wengi wetu tulianzia, ilitengenezewa watu wa kung'arisha mawe, na kipimo chake cha ratili 15 ndicho kilichozaa ile kanuni inayorudiwa hadi leo: ratili 2 za maganda, ratili 5 za pini, na galoni moja ya maji. Kwa kilo ni takriban 0.9 ya maganda, 2.3 ya pini, na lita 3.8 za maji. Ratili 2 za maganda ni kama 230 ya bastola ya 9mm, au 145 hivi ya bunduki ndefu ya .223. Pipa kubwa huchukua zaidi, lakini ule uwiano uheshimu. Ukijaza maganda kupita kiasi hayaporomoki. Yanazunguka yote kwa pamoja kama donge la ugali, na ndani yanabaki meusi.

Pini za kawaida ni za chuma kisichoshika kutu, unene wake milimita 1.2, urefu milimita 6.5. Zina umbo la ncha ya penseli iliyokatwa. Zinaingia kwenye shimo la fataki na kusugua kona ambazo brashi haifiki. Ubaya wake nitausema.

Je, pini ni lazima? Hapana. Kwa maganda ya bastola siku hizi naosha kwa maji, sabuni na asidi peke yake, maganda yasuguane yenyewe. Shimo la fataki halitoki jeupe kabisa, na bastola haijali. Pini naziwekea maganda ya bunduki ndefu, ninayoyatunza na kuyahesabu kila yanapotumika.

Dawa ya maji

Kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaouzwa kwa watengeneza jemu na wasafisha birika. Basi. Sabuni inabeba masizi yasirudi kuganda, asidi inayeyusha kutu ya shaba na kulainisha maji magumu. Usinunue sabuni ya kuoshea gari yenye nta ukidhani utapata mng'aro wa ziada kwa bei ileile, labda kama unajua unachofanya. Nta hiyo inabaki pia mahali usipoitaka.

Mara yangu ya kwanza nilikumbuka ukwaju wa nyanya, nikasema asidi zaidi ni kung'aa zaidi. Nikatia vijiko viwili vizima, nikawasha, nikalala. Asubuhi nilifungua pipa nikakuta maganda mekundu-waridi kama senti mpya ya Marekani. Shaba ya maganda ni mchanganyiko wa sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Asidi ikizidi na muda ukizidi, zinki ya juu inayeyuka, shaba nyekundu inabaki uchi. Waridi hafifu la juujuu si msiba, lakini yale yangu yalikuwa mekundu hadi ndani ya shingo, na midomo yake imepigwapigwa na pini mpaka imekunjamana ukingo. Niliyatupa yote 140.

Amonia usiikaribie, na jiki pia. Dawa nyingi za kopo za kung'arishia vitasa vya milango zina amonia, na amonia huipasua shaba iliyo chini ya mkazo hata kama haionekani kuliwa. Jeshi la Uingereza huko India, karne ya 19, lilitunza risasi kwenye mazizi ya farasi msimu wa masika, na maganda yakawa yanapasuka yenyewe yakiwa yamekaa tu. Wakaiita mipasuko ya msimu, kwa kuwa ilikuja na mvua. Mwaka 1921 watafiti Waingereza walieleza chanzo: amonia ya mkojo wa farasi, unyevu, na mkazo uliobaki ndani ya shaba tangu ilipokandamizwa kiwandani. Ganda lako lina mkazo uleule, hasa shingoni.

Kuzungusha

Funga kifuniko, kausha nje ya pipa, washa. Sauti nzuri ni ya mawimbi yakivuta kokoto ufukweni, shaaa, shaaa, bila kukatika. Ukisikia dum-dum-dum, mzigo umekuwa donge, punguza maganda. Ukisikia kimya chenye mkwaruzo, maji ni machache.

Kwa pini, saa moja na nusu inatosha karibu kila mara. Wapo wanaoacha saa nne, na maganda yao yanang'aa kama vito vya bibi harusi, lakini midomo inalipa: maganda yanapogongana, ukingo wa mdomo unapondwa na kujikunja ndani kidogokidogo. Ongeza maji yafunike maganda yote, kwani maji hupunguza kishindo. Na kama unakusudia kukata maganda yawe na urefu mmoja, kata baada ya kuosha, ukwangue ukingo hapo hapo.

Saa moja ikipita nachungulia ndani kwa tochi. Nikiona ukuta wa ndani una rangi ya asali, nazima. Sisubiri uwe kioo. Shingo iliyosafishwa kupita kiasi kwa ndani inang'ang'ania kichwa cha risasi kinapoingizwa, unasikia kikilia. Ukipatwa na hilo, unga kidogo wa grafiti shingoni unamaliza kesi.

Maji meusi

Fungulia pipa nje au bafu la kazi, si jikoni. Maji yatatoka meusi tii na povu la kijivu, na ndiyo yenye masizi yote na risasi yake. Usiyamwage kwenye sinki la vyombo, wala kwenye bustani, sembuse penye sukuma wiki. Mimi huyamimina kwenye ndoo yenye kifuniko, nayaacha yatuame usiku kucha, tope linashuka. Kaunti nyingi za Marekani zina kituo au siku maalumu ya kupokea taka hatari za nyumbani. Tope langu na lile kopo la fataki huenda huko. Waulize pia kuhusu maji yenyewe, maana kila mji una amri yake.

Beseni, chujio na vijiko ulivyotumia hapa havirudi jikoni tena. Andika juu yake kwa rangi. Shangazi yangu aliponiona kwa simu ya video, maganda yamepangwa kwenye sinia, aliuliza: “Hivyo ni vikombe vya kahawa vya wanasesere?” Nilicheka, lakini mtoto wa jirani naye angeuliza vivyo hivyo, tena angekipeleka kimoja mdomoni.

Kutenganisha na pini

Hii ndiyo kazi ya kuchosha kuliko zote, na ndiyo wengi huiharakisha. Jaza beseni maji safi. Chukua maganda matatu manne kwa mkono, yazamishe mdomo chini, yatikise yakiwa ndani ya maji. Pini zinateleza zenyewe. Ukijaribu nje ya maji, unyevu unazigandisha ukutani na utatikisa hadi bega liume. Lipo pipa la waya la kuzungusha kwa mkono, linasaidia maganda ya bastola. Ya shingo nyembamba bado utamaliza kwa vidole.

Kisha yainue moja moja mbele ya taa. Unatafuta duara dogo la mwanga kitakoni: kitundu cha cheche. Mwanga ukionekana mzima, pita. Ukiona umekatwa na mstari mweusi, kuna pini imekwama hapo. Isukume kwa waya. Pini iliyosahauliwa ndani ya ganda itapita kwenye mtutu wako siku moja, na mtutu haulipiwi na aliyekuuzia pini.

Pini zilizomwagika sakafuni okota kwa sumaku yenye nguvu. Zinashikwa kwa udhaifu, si kama msumari, lakini zinashikwa.

Suuza, kausha, pima

Suuza mara mbili hadi maji yasitoe povu, tena ya mwisho yawe ya moto. Shaba inapobeba joto inakauka haraka. Kama maji yako ni ya chumvichumvi, suuza ya mwisho kwa maji yaliyotoneshwa kutoka kwenye mvuke (distilled water), la sivyo utapata madoadoa meupe ambayo hayana madhara ila yanaudhi.

Yaviringishe kwenye taulo kuukuu, mtu akishika ncha huku na wewe huku, kama mnapembua mchele. Kisha yapange. Texas mwezi Julai, sinia juani saa mbili tatu inatosha, mdomo chini kama dele la nyanya. Majira ya baridi natumia kikaushio cha matunda cha umeme, nyuzi 70 za Selsiasi kwa saa moja, nacho kikaushio hicho hakitaona embe tena maishani mwake. Oveni ya kupikia siitumii, na anayetumia yoyote asivuke nyuzi 100. Shaba ikipata joto kubwa hulainika, na kitako cha ganda kinachobeba mgandamizo wote hakitakiwi kulainika kamwe.

Kujua kama ni kavu, usitegemee jicho. Kabla ya kuosha nachagua ganda moja la .223 lililo safi na kavu tayari, fataki imeshatoka, nalipima kwenye mizani ndogo, naliwekea alama, kisha naliosha pamoja na mengine. Uzito wake ni gramu 6 hivi. Baada ya kukausha nalipima tena. Likizidi hata kidogo, maji bado yako mahali, na sinia inarudi juani. Tone moja likikutana na baruti ndani ya ganda, umejitengenezea risasi isiyowaka au inayowaka nusu, ambayo ni mbaya zaidi kwani kichwa kinaweza kubaki katikati ya mtutu.

Kagua sasa, masizi yameondoka

Faida moja ya shaba safi ambayo hawaitangazi ni kwamba aibu zote zinaonekana. Geuza kila ganda polepole chini ya taa. Ufa wa shingo ni mstari mwembamba kama unywele, unaanzia mdomoni. Karibu na kitako, kama sentimita moja juu ya ukingo, angalia pete inayong'aa tofauti na kwingine. Hapo ukuta unanyooka kila mara ganda linapotumika, hadi siku linakatika na kitako kinatoka peke yake. Nyoosha kibanio cha karatasi, pinda ncha yake kama ndoano ndogo, ipitishe ndani ukikwangua ukuta kutoka chini kwenda juu. Ikinasa kwenye mfereji, ganda hilo limestaafu.

Niliyoyakataa nayaponda mdomo kwa koleo papo hapo, yasije yakarudi ndoo ya wazima kwa bahati mbaya, kama lilivyorudi moja la .308 mara tatu mfululizo hadi nikalichora msalaba. Yanakusanyika kwenye debe, na debe likijaa huenda kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Yeye huipima shaba ya manjano peke yake na kuilipa kwa bei yake, lakini ataligeuza debe zima kwanza kutafuta fataki nzima. Pipa nalo nalizungusha dakika kumi na maji matupu na tone la sabuni, pini zikiwa ndani, kisha nazimwaga kwenye kitambaa zikauke kabla ya kufunikwa. Zikifungwa mbichi, wiki ijayo zitanuka kama kisima kilichokufa.